Nikitafuta Wapulizaji Reli ya Kati

Jumatano, Morogoro hadi Dodoma

Kwetu Morogoro tulikuwa tunaulizana, wewe ni wa bendi ya Cuban Marimba au ya Morogoro Jazz, kama leo watu wanavyoulizana Simba au Yanga. Salum Abdallah wa Cuban alifariki kwa ajali mwaka 1965 nikiwa mdogo mno, kwa hiyo nyumbani Cuban ilibaki kuwa ya baba. Mimi nilimkuta Mbaraka Mwinshehe wa Morogoro Jazz. Nilimsikia kwa mara ya kwanza kwenye bugi la mchana, dansi la wanafunzi na wasiokunywa, nimesimama usawa wa spika hadi masikio yakaziba. Bendi ilishafika Osaka, Japani, kwenye Expo 70, na bado ilikuwa inatupigia pale pale mjini. Mwaka 1973 Mbaraka akaondoka kuunda bendi ya Super Volcano, na Januari 1979 akafariki kwa ajali ya gari huko Mombasa. Nilikuwa nasomea unesi. Habari ilipofika, hakuna aliyeniambia nipunguze redio wodini.

Tangu hapo nimekuwa mtu wa kufuata bendi. Marehemu mume wangu alikuwa akisema mshahara wangu unaingilia hazina na kutokea mlangoni pa ukumbi. Nimesikiliza bendi za Msondo na Sikinde Dar hadi kuche, nimekaa Ngome Kongwe Unguja kwenye tamasha la Sauti za Busara, na nyumbani nina santuri za jazi ya Marekani, za kina Armstrong na Ellington, ambazo wajukuu wanaziita sahani. Lakini santuri ni ya siku usiyo na nauli. Ukiwa na nauli unatoka.

Safari hii nina jambo moja ninalolitafuta: wapulizaji. Bendi nyingi ninazokwenda kuzisikiliza siku hizi hazina tarumbeta, hazina tromboni, na saksafoni ukiikuta ni bahati. Nimechagua wiki ya Nane Nane, maonyesho ya wakulima, kwa sababu Dodoma inajaa wageni, na palipo na wageni wenye posho bendi haikosi kazi.

Treni ya umeme haikuchukua hata saa mbili na nusu. Mahandaki ya Kilosa yanapita ukiwa bado unatafuta miwani, Gulwe unaisoma ubaoni tu, na mara nchi imekuwa nyekundu na mibuyu imeanza. Sina la kulalamika, ila hii si treni ya kununulia ndizi dirishani. Wajerumani walifikisha reli ya zamani Morogoro mwaka 1907, Dodoma 1910, Tabora 1912 na Kigoma 1914, na ukitazama ramani ya dansi la enzi zetu utaona imekaa juu ya reli hiyo hiyo: Morogoro Jazz mwanzoni, kisha Tabora yenye Kiko Kids, Nyanyembe Jazz na Tabora Jazz ya mtindo wa Segere Matata, na mwisho wa reli Lake Tanganyika Jazz ya Kigoma. Mji wenye stesheni ulikuwa na wafanyakazi wa mshahara, na mwisho wa mwezi wafanyakazi wa mshahara wanataka kucheza.

Mtoto wa kaka yangu alinipokea stesheni. Anafanya kazi Mtumba, kwenye mji wa serikali, na ana gari, Noah, analolifanyia biashara Jumamosi.

"Shikamoo shangazi. Umekuja kwa maonyesho?"

"Marahaba baba. Nimekuja kwa bendi."

Akacheka, akabeba begi.

Alhamisi

Upepo. Dodoma ya Agosti inavuma tangu asubuhi, vumbi linaingia hadi kwenye chai. Nimelala, nimekula mlenda na ugali wa mtama, nimekula zabibu za barabarani mpaka tumbo likanionya. Bendi hakuna, Alhamisi wanamuziki wanafua.

Ijumaa, baa moja Area D

Kiingilio elfu tano pamoja na soda. Nikafika saa mbili usiku, na kijana wangu, yule mtoto wa kaka, ananiuliza kwa nini tunakaa mbele ya watu wote wakati meza nzuri ziko nyuma kwenye upepo. Nikamweleza: bendi haisikilizwi kutoka kwenye meza nzuri. Ukikaa nyuma unapata kilichopitia mitambo, na fundi mitambo wa baa anapenda besi kuliko mama yake. Mimi hukaa upande wa gita la ridhim, lile la kusindikiza, hatua nne au tano kutoka jukwaani, ninaposikia amplifaya yenyewe. Mpiga gita la solo anajulikana na kila mtu, anatuzwa, anabandikwa noti usoni. Mpiga ridhim hana anayemtazama, na akikosea yeye bendi nzima inachechemea.

Huyu wa Ijumaa alikuwa mtu mzima, shati jeupe lililopigwa pasi, na kidole gumba chake kilikuwa na sugu nyeusi pembeni. Kwa muda mrefu aliupiga mzunguko ule ule bila kubadili kitu, kisha mwimbaji alipoachia ubeti wa mwisho akaupandisha juu ya shingo ya gita, nyuzi mbili tu, na solo akamjibu hapo hapo. Hayo ndiyo ninayoyalipia. Kwenye kanda yanatokea namna moja milele. Hapa yalitokea kwa sababu solo alikuwa amegeuka kumtazama mwenzake na mama mmoja mnene alikuwa ameingia kati kucheza, wakaamua kumsubiri amalize kuzunguka.

Lakini dramu ilikuwa ya kibodi. Kijana mmoja amebonyeza, mdundo unajienda. Sehemu ya tarumbeta nayo ilikuwa ndani ya kibodi ile ile, sauti nyembamba kama ya simu. Na mdundo wa mashine hauna adabu: mama yule akiwa katikati ya mzunguko wake, mashine haijui. Niseme tu wazi, bendi isiyo na mpiga dramu mimi siihesabu bendi, ni watu wanaoimba karibu na umeme.

Wakati wa mapumziko nikamwita mzee wa ridhim, nikamwagizia chai ya tangawizi.

"Wapulizaji wako wapi, kaka?"

"Dada, hesabu mwenyewe. Sisi tunachukua mlangoni, baa inachukua vinywaji. Hela ya mlangoni inagawanywa kwa vichwa. Tukiwa sita, kila mtu anaondoka na ya boda na ya unga. Ongeza tarumbeta mbili na saksafoni, tuko tisa, ya unga haipo."

Alianza muziki kwenye bendi ya taasisi, akaniambia, na hapo sikuhitaji maelezo marefu. NUTA Jazz ilianzishwa mwaka 1964 chini ya chama cha wafanyakazi. Polisi walikuwa na Polisi Jazz, jeshi nalo na bendi zake. Mwaka 1978 ikaanzishwa Mlimani Park, ndiyo Sikinde, ambayo baadaye ikawa chini ya Shirika la Maendeleo Dar es Salaam, DDC, na mwimbaji Muhidin Gurumo akahamia kwenye bendi hiyo. Mwanamuziki alikuwa mwajiriwa. Tarumbeta ilikuwa mali ya ofisi, ikipinda inatengenezwa na ofisi. Bendi ya watu kumi na tano haikumtisha mtu kwa sababu haikugawana cha mlangoni. Taasisi zilipotoa mikono, gita liliweza kununuliwa na mtu binafsi, tarumbeta haikununulika. Kibodi moja ikala kazi ya watu wanne.

"Na wenyewe walikwenda wapi?" nikauliza tena.

"Wengine wamekufa. Waliobaki, kesho Jumamosi. Kaa barabarani uone."

Jumamosi, mjini

Yule mzee nilimwelewa vibaya, nilidhani ananitania. Saa saba mchana tuko karibu na soko la Majengo, kijana anatafuta pa kugeuzia Noah, nikasikia besi inakuja kutoka mtaa wa nyuma. Matarumbeta!

Nimeyaona maisha yangu yote na sikuwahi kuyaweka kwenye hesabu moja na dansi. Gari la maharusi mbele lina maua, nyuma yake pikapu wazi, na juu ya pikapu vijana wamesimama wameshikana kiunoni wasidondoke: tarumbeta, tromboni, lile besi kubwa la kuvaa begani, kisnare, na dramu kubwa iliyofungwa kwa kamba kwenye bodi. Nyuma msululu wa magari yamewasha taa.

"Wafuate," nikasema.

"Shangazi, hatuwajui."

"Harusini nani anamjua nani? Wafuate."

Tukawafuata. Walisimama kwenye mzunguko wa barabara, maharusi wakatoka kupiga picha, na vijana wakashuka. Hapo ndipo nikapata kusikiliza vizuri. Walianza na pambio la kanisani, taratibu, sauti nne zimekaa kila moja mahali pake, unajua kabisa wamefundishwa na mwalimu wa kwaya. Kisha mpiga dramu akagonga ubavu wa dramu mara mbili na lile lile pambio likageuka kuwa la kuchezea. Tromboni akalivuta chini, tarumbeta ya pili akaacha noti zilizoandikwa na kuanza kusema yake, shangazi wa bibi harusi wakaingia kati na khanga. Mmoja wa tarumbeta alikuwa amefunga mpira wa tairi la baiskeli kwenye bomba pale linapovuja, na kila baada ya beti chache anaifungua kimakini kumwaga mate, anafuta mdomo kwa mkono wa koti, anarudi bila kukosa mdundo.

Walikoanza watu wa jazi wa New Orleans, Marekani, ndiko huku. Bendi zao za barabarani zilikuwa zinasindikiza maiti kwa wimbo wa kanisa wa polepole, na baada ya kuzika zinarudi mjini na nyimbo za kuchangamka, watu nyuma wanacheza na miamvuli. Mpiga tarumbeta Louis Armstrong alijifunza kupuliza akiwa mtoto kwenye nyumba ya kurekebishia watoto watukutu, alikopelekwa baada ya kufyatua bastola mkesha wa mwaka mpya wa 1913. Mwaka 1960 alipofika Léopoldville, Kinshasa ya leo, walimbeba juu juu kwenye kiti hadi uwanjani. Kwetu nako ala za shaba zilianzia barabarani: ngoma ya beni ya pwani, watu wamevaa sare na kupewa vyeo vya kijeshi vya kuigiza, ikasambaa bara pamoja na askari na wafanyakazi. Wamisionari nao wakaleta matarumbeta kanisani. Dansi la ukumbini lilikopa wapulizaji kutoka huko, sasa limewarudisha.

Kiongozi wao ni wa tromboni, kijana wa kama miaka thelathini. Nilimfuata wakati wanapanda gari.

"Shikamoo mama."

"Marahaba mwanangu. Nani alikufundisha kuvuta ile noti hivyo?"

Akaona haya kidogo. "Kanisani, mama. Ila ile ya mwisho nimeisikia kwenye simu."

Akaniambia yuko na mpulizaji wa saksafoni pia, mzee, ambaye siku hiyo alikuwa hana ridi. Ridi ni ule mwanzi mwembamba wa mdomoni. Ukipasuka saksafoni ni bomba la shaba tu, na Dodoma hazipatikani, zinaagizwa Dar. Bei yao ni laki tatu na nusu kutoka kanisani hadi ukumbini, na saa ya ziada mnaongea.

Njiani kijana alikuwa kimya, mwisho akasema harusi yake ya Desemba kamati imeshapitisha MC na DJ. Nikamwambia kamati ni watu, watu wanaongea.

Jumapili, Chamwino

Nilisita kuiandika siku hii kwa sababu si ya bendi. Chamwino iko mashariki ya mji, barabara ya Morogoro, na watu siku hizi wanaijua kwa Ikulu. Wapenda ngoma wanaijua pia kwa tamasha la muziki wa Wagogo linalofanyika huko. Sisi tulikwenda siku ya kawaida, kwa bibi mmoja ndugu wa mke mtarajiwa, na jioni kikundi cha kijijini kikapiga.

Wanawake walishika ngoma za muheme katikati ya magoti na kuzipiga kwa mikono, kila mmoja na mpigo wake. Nilijaribu kumfuata mmoja, nikampoteza. Nikajaribu wa pembeni, naye akapotea, na zote kwa pamoja zinakwenda kitu kimoja kisichoshikika. Wanaume njuga miguuni. Juu yake nyimbo za sauti nyingi, zimeachana kwa namna ambayo kwaya za kizungu hazifundishi. Hukwe Zawose, mwanamuziki wa Kigogo, alitoka huku huku, kijiji cha Doduma, akaitoa sauti hii hadi kwenye majukwaa ya Ulaya, akafariki Bagamoyo mwaka 2003. Nilimsikia Bagamoyo miaka ya tisini na niliondoka nikiwa na hakika kwamba nimesikia mpulizaji, ingawa alikuwa hajashika hata filimbi: alikuwa anaanza na sauti nene ya kifuani, anaikunja, anaipeleka juu kabisa bila kuvuta pumzi mbele yako.

Mzee mmoja alikuwa na ilimba. Aliniruhusu niishike. Sanduku la mbao, vipande vya chuma vimebanwa juu yake kwa safu, vya kupigwa kwa vidole gumba, na kwenye tundu la sanduku amebandika utando wa buibui, ule mweupe anaotagia. Ukigusa chuma, sauti inatoka na utando unatetemeka, unaongeza mkwaruzo mwembamba pembeni ya sauti. Kijana alidhani imeharibika. Nikamwambia mkwaruzo huo unatafutwa. Wapiga tarumbeta wa jazi wa Marekani wanafunika mdomo wa tarumbeta kwa kizibo cha mpira ili wapate sauti chafu ya namna hiyo, na mzee huyu anaipata kwa buibui bila kununua kitu.

Mzee hakujali habari za Marekani. Alitaka kujua kama nimekuja na tumbaku.

Jumatatu, Nzuguni

Viwanja vya Nane Nane. Jua, foleni, mbuzi wazuri sana, alizeti ndefu kuliko mimi. Brasi bendi ya askari ilipiga mbele ya jukwaa la viongozi, wapulizaji wengi kuliko niliowaona mwaka mzima, ala zinang'aa, kila mtu kwenye mstari. Walipiga sawasawa na sikusikia kitu. Kosa si lao. Hotuba zilikuwa zinasubiri, na hakuna aliyeruhusiwa kucheza. Niliondoka mapema nikapate kuku wa kuchoma wa Chako ni Chako, ambao hawajawahi kuniangusha.

Jumanne, basi hadi Singida

Bahi, Kintinku, Manyoni. Kiti changu kilikuwa na chemchemi inayochoma na kondakta aliweka vichekesho vya video kwa sauti ya juu njia nzima. Baada ya Manyoni unakata kaskazini na mawe yanaanza, makubwa, yamepangana juu kwa juu kama hakuna aliyeyaangalia. Nikafika jioni, nikaoga, nikalala.

Jumatano, Singida

Dada niliyesoma naye unesi anaishi karibu na ziwa Singidani. Nilimwambia nataka bendi, akasema bendi ipo ila inapiga Ijumaa na mimi Ijumaa niko njiani. Mazoezi je? Mazoezi leo saa nane, bure, kama huoni haya kukaa kwenye baa tupu mchana na umri huu. Sioni haya.

Nawashauri wapenzi wa muziki wajaribu mazoezi. Usiku wa onyesho bendi inakuficha inavyofanya kazi. Hawa walikuwa wanaandaa wimbo wao wenyewe, na kwa saa nzima hawakuvuka mistari minne. Kwenye baa yenye viti vilivyopinduliwa juu ya meza, mfagiaji anapita katikati yao. Besi alikuwa anaingia mapema. Kiongozi anasimamisha, hasemi kosa ni la nani, anarudisha. Besi anaingia mapema tena. Mara ya sijui ngapi yule mpiga ngoma za tumba, msichana, wa pekee kwenye bendi, akaacha kupiga pigo moja mahali pale, akaacha pengo tupu, na besi akatua ndani ya pengo kwa sababu hapakuwa na pengine pa kutua. Kiongozi hakusimamisha. Waliendelea hadi chemko, sehemu ya kuchangamka, gita mbili zinapokezana, dramu ya watu kabisa, kijana anatoka jasho. Rafiki yangu ambaye alikuja kunisindikiza kwa shingo upande aliinuka kucheza na mfagiaji.

Wapulizaji hawakuwa nao. Nilimuuliza kiongozi, akasema walikuwa na saksafoni, akahamia kwenye matarumbeta ya harusi Dodoma kwa sababu huko analipwa kwa siku. Mzee, alisema. Hodari, ila kila mara hana ridi.

Jioni nilimpigia kijana wangu.

"Shikamoo shangazi. Kamati imekaa jana. Bajeti imefungwa."

"Marahaba. Mchango wangu wameandika ngapi?"

"Laki tano."

"Waambie hawapati taslimu. Naleta matarumbeta, kanisani hadi ukumbini, na yanayobaki ni ya saa za ziada."

"Na DJ?"

"DJ apumzike anywe soda. Atalipwa."

Kikapita kimya, halafu akauliza kama nitapanda gari la ndugu wa bwana harusi. Nikamwambia nitapanda pikapu, kama kuna pa kushika.

Kabla sijalala nikamtumia yule wa tromboni elfu hamsini ya kushika tarehe, na ujumbe kwamba saksafoni asikose. Akajibu asubuhi: mzee amekubali, lakini mama, kama unarudi kupitia Dar, mnunulie ridi mbili.